Masika yameisha, bustani inaumwa: tuanze na dalili

Kila mwaka masika yakikatika, mwishoni mwa Mei hivi, simu yangu huanza kuita. Nyanya za jirani zimenyauka. Mchicha wa shemeji umekuwa wa njano. Mama mmoja wa mtaa wa pili kanunua dawa tatu dukani, kazichanganya zote kwenye bomba moja, na sasa anauliza mbona wadudu bado wapo.

Huu ndio msimu wetu wa bustani huku Pwani. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kipupwe: jua halichomi sana, usiku joto hushuka mpaka nyuzi 19 hivi, na kusi inavuma. Mboga zilizokataa katakata mwezi wa Februari huitikia sasa. Lakini ndio wakati pia ambapo uharibifu wa masika hujitokeza, kwa sababu mvua ya miezi mitatu huosha rutuba, hufufua ukungu na kunenepesha konokono. Mimi niko Kigamboni, kwenye kichanga kinachopitisha maji kama chujio la nazi. Aliyeko kwenye mfinyanzi wa bondeni atapata matatizo yaleyale kwa mpangilio tofauti kidogo.

Kabla hujaenda duka la pembejeo, beba vitu vinne: kidole chako, jembe dogo la mkono, glasi ya maji safi na tochi. Shida nyingi ninazoletewa zinatokana na maji au udongo, na hakuna chupa ya dukani inayotibu maji.

Miche ilikuwepo jana, leo imelala chini

Inama, utazame shina pale linapogusana na udongo. Hapo ndipo jibu lilipo.

Shina likiwa limekatwa kama kwa mkasi, na kichwa cha mche kimelala pembeni hakijaliwa, huyo ni sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, hujikunja kama herufi C ukimgusa. Mchana hajifichi mbali. Fukua sentimita 2 au 3 kuzunguka mche ulioanguka na mara nyingi utamkuta palepale analala. Mponde. Miche iliyobaki ivishe pete ya karatasi ngumu au kikombe cha plastiki kilichotobolewa kitako, nusu ndani ya udongo na nusu nje.

Shina likiwa halijakatwa ila limesinyaa likawa kama uzi, lenye rangi ya kahawia, ni kinyausi. Huo ni ukungu wa udongoni, na anayeukaribisha ni wewe mwenyewe: miche imebanana, kivuli kingi, na unamwagilia jioni mpaka kitalu kinalala na maji. Punguza miche, fungua kivuli, mwagilia asubuhi tu. Iliyokwisha kuanguka haiponi. Ukipanda upya, hamisha kitalu.

Majani yakiwa yameliwa ovyo na kuna njia ya ute unaong'aa, ni konokono. Hawa wakubwa wa kwetu ni wenyeji wa Afrika Mashariki, na bustani changa baada ya mvua kwao ni karamu. Toka na tochi saa mbili usiku, uwaokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, maana wanaweza kubeba vimelea vya minyoo vinavyomdhuru binadamu. Siku tatu nne mfululizo zinatosha kupunguza wengi. Majivu yanasaidia yakiwa makavu. Yakilowa ni kazi bure.

Na kama mbegu hazikuota kabisa? Mchicha uliofukiwa zaidi ya sentimita 1 hauna nguvu ya kutoka. Ukiona sisimizi wanapishana kwenye tuta, huenda mbegu zako ziko kwenye ghala lao. Bamia zinapenda kulowekwa usiku mmoja kabla ya kupandwa.

Majani yanakuwa ya njano

Hapa watu hukimbilia mbolea. Subiri kidogo. Swali la kwanza ni: majani yapi?

*Ya chini, yaliyozeeka, ndiyo yanaanza.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote baada ya masika. Nitrojeni imeoshwa na mvua, na mmea unaivuta kutoka majani ya zamani kulisha machipukizi. Weka samadi iliyoiva au mboji, kiasi cha koleo moja kwa kila hatua ya tuta, uichanganye juujuu. Ukitaka jibu la haraka, yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha urea kwenye ndoo ya lita 10, umwagie chini ya mmea, udongo ukiwa tayari na unyevu. Ndani ya wiki moja utaona mabadiliko.

Nimesema samadi *iliyoiva*. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa gunia mbili za samadi ya kuku, mbichi, bado ina joto ukiingiza mkono. Nikaona bahati iliyoje! Nikaimwaga yote kwenye matuta mawili ya mchicha na sukuma wiki jioni moja. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kama zimepitiwa na pasi, na nzi walihamia kwangu mtaa mzima. Samadi ya kuku irundike miezi miwili mitatu, uigeuze, mpaka isiwe na joto wala harufu kali ndipo uitumie.

*Mmea mzima unafifia na udongo ni tope.* Mizizi inakosa hewa. Chimba kishimo cha sentimita 30, ukijaze maji. Maji yakiwa bado yamo kesho yake asubuhi, tatizo lako ni mtiririko. Inua matuta sentimita 20 hivi na chimba mfereji. Kuongeza mbolea hapa ni kumlisha pilau mtu anayezama.

*Machipukizi mapya ndiyo ya njano, mishipa imebaki kijani.* Waliojenga juu ya mawe ya matumbawe, Zanzibar na sehemu nyingi za mwambao, watakuwa wanaitikia kwa kichwa. Udongo una chokaa nyingi na chuma kimefungwa. Kipo ila mmea haukifikii. Mboji nyingi, msimu baada ya msimu, ndiyo tiba ya kudumu. Na acha kumwaga majivu hapo, kwani yanazidisha.

*Kingo za majani zinaungua, na juu ya udongo kuna utando mweupe.* Chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Chemsha sufuria ya maji ya kisima mpaka yakauke kabisa, halafu fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua, ulinganishe mabaki. Kama una tangi la maji ya masika, hayo yatunzie miche na maharage. Maharage na karoti hazivumilii chumvi. Spinachi na bitiruti zinavumilia zaidi. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogokidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Ukishapitia yote haya na bustani bado ni ya njano, usiendelee kubahatisha. Chukua udongo kutoka sehemu nne au tano za bustani, kina cha sentimita 20, uuchanganye, uupeleke ukapimwe. Kituo cha Mlingano kule Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kinashughulika na udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro wana maabara. Bwana shamba au bibi shamba wa kata yako atakuelekeza jinsi ya kutuma.

Nyanya

Nyanya inastahili sehemu yake peke yake. Ndiyo inayopandwa na kila mtu, na ndiyo inayoliza kila mtu.

*Mmea umenyauka ghafla, majani yakiwa bado kijani.*

Juni iliyopita shangazi mmoja wa jirani aliniita. Nikamwamkia, hata kuitikia hakuitikia vizuri. "Mwanangu, hizi nimezimwagilia asubuhi na jioni, na bado zina kiu. Hebu ziangalie." Miche ilikuwa na vichala vya nyanya mbichi, majani mabichi kabisa, ila yameinama kama yamepigwa na jua la saa nane. Na ilikuwa saa moja asubuhi.

Nikaingiza kidole: unyevu tele. Basi si kiu. Nikamwomba glasi ya maji safi. Tukakata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, nikakishika wima ncha ikiwa imezama kidogo ndani ya maji, bila kutikisa. Baada ya dakika tatu hivi ulianza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama moshi wa udi uliogeuzwa chini juu. Shangazi akasogeza uso mpaka pua ikagusa glasi. "Hayo maziwa yanatoka wapi?"

Hayo "maziwa" ni bakteria kwa mamilioni. Ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na atakayekuuzia dawa yake anakuuzia maji. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uuchome au uuzike mbali, usiutupe kwenye mboji. Osha jembe na kisu kwa maji yenye klorini ya kufulia. Usiyaache maji ya tuta hilo yatiririkie tuta lingine. Na kwa miaka mitatu au zaidi usipande hapo nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja. Panda mahindi au vitunguu. Shangazi alipanda nyanya zake zilizofuata kwenye magunia yenye udongo aliouleta kutoka kwingine.

Glasi ikibaki safi, endelea na uchunguzi. Pasua shina kwa urefu. Ukiona mistari ya kahawia ndani, na majani ya chini yalitangulia kuwa njano, pengine upande mmoja tu wa mmea, ni mnyauko fuzari, ambao ni ukungu. Nao pia hautibiki mmea ukishaugua. Tafuta mbegu yenye ukinzani.

Shina likiwa safi, ng'oa mmea mmoja taratibu utazame mizizi. Vinundu vinundu kama shanga ni minyoo fundo, wapenzi wa kichanga cha kwetu. Usiwachanganye na vinundu vya kunde: vya kunde vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukivikwaruza vinabanduka, na ndani vina rangi ya waridi, hivyo ni neema. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Mimina mboji kwa wingi na usirudishe nyanya hapo kwa msimu mmoja au miwili.

*Majani yana mabaka kama karatasi yaliyoliwa kwa ndani.* Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo. Alithibitishwa nchini mwaka 2014 na tangu hapo hajaondoka. Inua jani juani: ndani ya baka utaona kiwavi mdogo na vinyesi vyeusi. Kwenye tunda huacha matundu madogo, mara nyingi karibu na kikonyo. Kwa bustani ya nyumbani mkono wako una nguvu kuliko bomba, kwa sababu kiwavi yuko ndani ya jani na dawa nyingi hazimfikii, na nyingine ameshazizoea. Chuma majani yenye mabaka kila baada ya siku tatu, yaweke kwenye mfuko mweusi, ufunge, uuache juani wiki nzima. Tega mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni. Madume huja yenyewe na kuzama. Baada ya mavuno ng'oa mabaki yote siku hiyohiyo.

*Kitako cha nyanya kinakuwa cheusi na kubonyea.* Watu husema ni ugonjwa, wanapiga dawa ya ukungu. Si ugonjwa. Kalisiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi si kwa kuwa udongo hauna, bali kwa kuwa maji yanakuja kwa mikupuo: siku tatu ukame, siku ya nne gharika. Mwagilia kwa ratiba na weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 mpaka 8. Nyanya zilizokwisha kuharibika ziondoe. Zitakazofuata zitakuwa safi.

*Maua yanadondoka bila kufunga.* Kama ulipanda mapema ukapata maua Machi, ni joto. Usiku ukipita nyuzi 24 chavua huwa dhaifu. Sasa hivi sababu kubwa ni urea kupita kiasi: mmea unanawiri majani, unasahau kuzaa.

*Madoa ya kahawia yenye miduara kama shabaha, kuanzia majani ya chini.* Bakajani tangulia. Ondoa majani yanayogusa udongo, egemeza miche kwenye fito, na usimwagilie juu ya majani. Walioko Lushoto, Njombe au Arusha wao wana hasidi mwingine, bakajani chelewa: mabaka meusi yenye majimaji, asubuhi chini ya jani kuna utando mweupe, na ndani ya siku chache shamba zima limeungua. Kwa huyo usisubiri. Mwite afisa ugani siku hiyohiyo, maana kinga hutangulia na ikichelewa haifai.

Matango na maboga yanatoa maua tu

Maua ya kwanza ni ya kiume, tulia. Ua la kike utalijua kwa kitunda kidogo nyuma yake. Kama ya kike yapo lakini vitunda vinakuwa vya njano na kuanguka, hakuna nyuki waliopita. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi chuma ua la kiume, libandue petali, ulisugue katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume linatosha matatu manne ya kike. Majani yakiwa na unga mweupe juu kama yamenyunyiziwa ngano, ni ubwiri unga: ondoa yaliyozidiwa, acha nafasi hewa ipite.

Majani yanajikunja: pilipili, bamia, sukuma wiki

Geuza jani. Vidukari utawaona wamejazana, mara nyingi sisimizi wakiwachunga kama ng'ombe. Utitiri ni wadogo mno. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona vumbi linatembea ndio hao. Kwa wote hao kwanza ni shinikizo la maji chini ya jani. Ikishindikana, kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 1, ujaribu kwenye jani moja na kusubiri siku nzima kabla ya kupiga bustani yote. Kisha mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja, piga jioni jua likiwa limepoa.

Huoni mdudu yeyote, majani yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani, na mmea umedumaa? Ni virusi, walioletwa zamani na inzi weupe au vidukari. Ng'oa. Najua inauma, hasa mpilipili ulioanza kuzaa, lakini ukiuacha unagawia jirani zake.

"Nimepiga dawa na haifanyi kazi"

Mara nyingi dawa haikuwa ya tatizo hilo. Dawa ya ukungu haiui kiwavi, dawa ya wadudu haitibu kiu. Mara nyingine imepigwa saa sita mchana, au imechanganywa na nyingine mbili. Soma lebo: imesajiliwa, ni ya zao gani, na siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unaochumwa kila wiki hauna nafasi ya dawa yenye siku 14 za kusubiri. Dawa isiyo na lebo, iliyopimwa kwenye chupa ya soda, usinunue hata ukipewa bei ya bure, wala usiiweke ndani kwenye nyumba yenye watoto. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayosajili viuatilifu Tanzania, na utepe wa rangi chini ya lebo unakuonyesha ukali. Nyekundu si ya bustani ya nyumbani, nukta.

Sasa onyo. Aliyepiga dawa akianza kuumwa kichwa, kutokwa jasho na mate mengi, kutapika, kuona ukungu au kutetemeka, kazi imekwisha hapo. Mtoe eneo hilo, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, umkimbize hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Usimlazimishe kutapika. Na yale maziwa tunayokimbilia kumnywesha si dawa ya sumu. Yanakupotezea muda tu.

Kwenye mlango huohuo: ukipogoa uzio wa mnyaa, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuharibu macho. Vaa miwani. Ukiingia, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata ukijisikia nafuu.

Maua

Bogenvilia imejaa majani, haina maua. Unaipenda kupita kiasi. Imekunywa masika yote, nawe unaongeza maji na mbolea. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kacheupe katikati. Na hujitokeza kwenye machipukizi mapya, mmea ukipata jua kwa muda wa saa sita kila siku na kiu kidogo. Pogoa sasa, acha kumwagilia mpaka majani yaanze kulegea, ndipo uipe maji. Iliyo kwenye kivuli cha mwembe haitakaa ichanue, ihamishe.

Waridi lenye madoa meusi na majani yanayodondoka ni ukungu unaopenda jani lililolala na maji. Okota yaliyoanguka, choma, mwagilia shinani asubuhi. Waridi la jangwani likiwa laini kwenye kitako ukilibonyeza, limeoza: litoe kwenye chungu, kata mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, liache kivulini likauke wiki moja, lipande kwenye mchanga na kokoto. Ulaini ukifika katikati, samehe. Pamba nyeupe kwenye vikonyo vya haibiskasi ni vidung'ata. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na shughulikia sisimizi, maana ndio madalali wao.

Nyasi

Mabaka ya kahawia baada ya kukata: nyasi zimerefuka wakati wa mvua, ukapitisha mashine mara moja mpaka chini. Ulichobakiza ni vijiti. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ukoka uache sentimita 3 au 4, nyasi za Pemba zenye jani pana sentimita 5 na kuendelea. Ncha zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe, noa kisu cha mashine.

Mabaka yasiyohusiana na kukata: weka makopo matupu ya nyanya sehemu tofauti, fungulia maji nusu saa, upime. Kopo moja likiwa na sentimita 2 na jingine nusu, umepata jibu. Duara lililokufa katikati na kijani kibichi pembeni ni mkojo wa mbwa au mbolea iliyomwagika. Nyasi zikinyanyuka kama zulia ukizivuta, chini kuna funza weupe wanaokula mizizi. Wakizidi 5 kwenye futi moja ya mraba, wachambue kwa mkono na acha kuku wafanye kazi yao. Mchwa mara nyingi hula nyasi zilizokwisha kufa. Piga reki uondoe mabaki, umwagilie.

Ndago ukiivuta inakuachia majani, inabaki na vitunguu vyake chini. Chimba kwa uma wa bustani sentimita 20 mpaka 30, ufuate uzi mpaka kitunguu cha mwisho. Ndani ya wiki mbili itarudi, nawe urudi. Dawa ya magugu inayoua kila jani itaua nyasi zako pia.

Jambo moja kwenye nyasi si la mtunza bustani kabisa. Baada ya masika ukiona sehemu moja imekuwa kijani kuliko pengine, inalowa bila kumwagiliwa, ina harufu, au ardhi inabonyea ukikanyaga, chini yake kuna shimo la maji taka linalovuja au mfuniko uliochoka. Usichimbe kutafuta. Usipitishe mashine ya kukatia. Ondoa watoto, zungushia kamba na matawi, umwite fundi wa mashimo aje kulifungua mwenyewe.